Uzi wa Sabini

Katika nchi ya Utando asubuhi haziji kwa foleni. Huja zinavyotaka: ya leo ikatangulia ya juzi, ya juzi ikachelewa njiani, na watu wamezoea kuamka wakiulizana, "Hii ni ipi?" Asubuhi tunayoisimulia ilikuwa ile ambayo Mkuu wa Amri aliahidi kuja kuiezua Nyumba ya Wasokotaji. Siwatu aliitambua kabla hajafumbua macho. Akajifunga kibwebwe, akatoka, akakaa kizingitini na mgongo wima. Kama ni kuezuliwa, basi wangemkuta amekaa.

Tuseme kidogo kuhusu nchi hiyo, maana asiyeijua anaweza kudhani tunapiga chuku. Pale kila kitu ni uzi. Si kwamba kimefungwa kwa uzi, la. Ni uzi wenyewe, mwembamba kiasi kwamba hakuna jicho lililowahi kuuona, nao unatetema. Ukitetema hivi ni jiwe. Ukitetema vile ni maji. Mtetemo mwingine ni chumvi, mwingine ni mwanga wa saa nne, mwingine ni Siwatu binti Haji, mwanamke wa miaka sitini na ushei, goti la kushoto bovu, ulimi mkali. Na uzi wa kila mtu una ncha mbili zilizonata kwenye Utando, ile sakafu pana inayotikisika kidogo chini ya nyayo, ndiyo maana hakuna anayeondoka. Anayetaka kuondoka hana budi azibandue ncha zake zote mbili, azifunge moja kwa nyingine, awe pete. Pete haina pa kunata. Huelea mpaka Utando wa pili, ulio mbali kiasi kwamba habari ya huko ikifika huku aliyeituma ameshasahaulika.

Makame alijifanya pete. Alikuwa msokotaji mwenzake Siwatu kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa mumewe, ingawa majirani walishawaoza midomoni mwao mara nyingi. Siku aliyoondoka alichukua nyuzi sabini, Siwatu akabaki na pacha zake sabini, na hawakuagana kwa machozi kwa sababu wote wawili walikuwa na majivuno ya kutosha kuulisha mji.

Sasa, hizo nyuzi pacha. Wasokotaji wa nchi ile hukaa wawili wawili, mgongo kwa mgongo, katani moja imepita begani, kila mmoja akisokota pajani pake bila kugeuka. Ukigeuka umeharibu. Huoni mkono wa mwenzako, unausikia tu kwenye uti wa mgongo: anavuta, unalegeza, analegeza, unavuta, na baada ya siku nyingi hujui tena mgongo upi ni wako. Kamba ikiiva hukatwa katikati, zikawa nyuzi mbili, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kuupiga hata mmoja, hata kwa kujaribu tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hushindwa. Mtu amesokota mwezi mzima, amewamba uzi wake kwenye kigogo, ameukaza kwa kigingi, anautazama unavyong'aa, kidole kinamwasha, anasema ngoja nisikie kama ni mzima. Anaupiga. Unalia vizuri sana, na hapohapo umekuwa kamba ya kufungia kuku. Maana uzi pacha una jibu moja tu maishani mwake: juu, au chini.

Kabla ya kupigwa hauna jibu. Hili ndilo watu hawalikubali. Hudhani uzi umelificha jibu tumboni, kama yai linavyoficha kiini. La, haukulificha, hauna. Unapigwa kwa kidole gumba, ndipo jibu linapozaliwa, liwe juu au liwe chini, na hata fundi aliyeusokota hajui litakuwa lipi. Lakini pacha wake, awe chumba cha pili au Utando wa pili, akipigwa kwa gumba hutoa jibu lilelile. Haijalishi nani ametangulia. Anaweza kupigwa leo na mwenzake mwakani, au mwenzake juzi na yeye kesho kutwa. Jibu ni moja.

Basi ni nini kinachokimbia kati yao? Siwatu alilala na swali hilo tangu ujana wake, akaamka nalo, akalipika na kulila. Hakuna kinachokimbia. Aliwahi kuuzungusha mkono hewani kati ya nyuzi mbili asubuhi nzima akitafuta kitu kinachopita, akaambulia bega kuuma. Baadaye akaanza kushuku umbali wenyewe. Labda tumeanza kuhesabu vibaya: tunasema kuna mahali hapa na mahali pale, halafu tunashangaa vimepatana vipi. Labda kupatana ndiko kulikotangulia. Labda huu Utando tunaoukanyaga umefumwa kwa mapatano ya namna hii, elfu kwa elfu, na siku yatakapokatika yote hapatakuwa na hapa wala pale, patakuwa na vumbi lisilojua liangukie wapi. Wazo hilo lilimtia kiburi kitamu. Wengine walikuwa wamejenga maboma na minara. Yeye alikuwa anasokota kile kinachoushikilia ukuta usimwagike.

Nyuzi sitini na tisa alikwisha kuzipiga, moja moja, na kila jibu akaliandika kwenye daftari, kama walivyokubaliana: yeye daftari lake, Makame lake, na siku moja pete yoyote itakayopita itayakutanisha. Uzi wa sabini alikuwa hajaupiga. Miaka tisa umekaa ukutani. Akiulizwa husema anangoja wakati mzuri. Ukweli ni kwamba aliogopa. Akishaupiga hatakuwa na kitu kingine kilicho cha yeye na Makame ambacho hakijaisha.

Na palikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu. Uzi wa arobaini na moja. Siku ile alikuwa na homa na upweke pamoja, akaupiga kwa kidole cha shahada badala ya gumba. Kwa wasokotaji hilo si kosa la kuchekwa. Uzi ukiulizwa kwa kidole kingine ni swali jingine, na pacha aliyeulizwa kwa gumba hana wajibu wa kupatana nao. Wanaweza kufanana kwa bahati, wanaweza kupishana kwa bahati. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Aliandika jibu, "juu", na pembeni yake, kwa maandishi madogo yaliyopinda: nimekosea kidole. Miaka kumi na miwili maneno hayo mawili yamemchoma.

Mkuu wa Amri alifika na watu wanane wenye kulabu za kuezulia, na karani wake, Mbaruku, mtu mzima mwembamba aliyeandika kila kilichosemwa mbele ya Mkuu, hata vikohozi. Nyuma yao ulikuja mji, kwa maana mji haukosi shughuli ya namna hii.

"Bi Siwatu," Mkuu akasema, "sikuja kupoteza muda."

"Muda wa hapa haupotei, Mkuu. Ukiuacha unarudi wenyewe. Karibu."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo. Mkuu hakukaribia. Alikuwa mtu wa sauti nene, na alikuwa na huzuni moja ambayo hakuna aliyemhurumia kwayo: sauti yake ilikuwa na mwisho. Ilifika sokoni, ilifika kwenye boma la tatu, ikafika kwenye machimbo ya chumvi ikiwa imechoka, na mbele ya hapo watu waliishi bila kumsikia. Amri ilibidi ibebwe na mjumbe, na mjumbe hulala, hunywa, husahau. Alipoambiwa kwamba nyumbani mwa kikongwe mmoja kuna nyuzi zinazojibizana mpaka Utando wa pili bila mjumbe, hakulala tena.

"Nimekuomba mara tatu unisokotee nyuzi za amri. Mara tatu umeniambia haiwezekani."

"Haiwezekani."

"Nyuzi hizi zinasemezana?"

"Hazisemezani. Zinapatana. Ni vitu viwili, Mkuu. Wewe unataka upige huku useme 'leteni', na huko wasikie 'leteni'. Mimi nikipiga huku sijui nitasikia nini. Aliyeko huko naye hajui. Hakuna mahali pa kuingiza neno lako."

"Kitu kisichobeba amri kina kazi gani?" Mkuu akauliza, na kwa mara ya kwanza swali lake lilikuwa la kweli.

Siwatu alitaka kumwambia, akaona mdomo wake mwenyewe hautoshi.

"Basi sikiliza," Mkuu akaendelea. "Una uzi mmoja umebaki, huo ukutani. Utaupiga mbele ya mji. Ukisema juu, nitajua Utando wa pili umenitii, nyumba hii itabaki, nawe utaitwa Msokotaji wa Amri, na watoto wote wa mji wataletwa hapa wajifunze. Ukisema chini, paa linashuka, vigogo vinakuwa kuni, na hakuna atakayesokota tena pacha katika nchi hii. Mbaruku, andika."

Mbaruku aliandika. Wino wake ulitua polepole kuliko kawaida.

Siwatu aliuangua uzi wa sabini na kigogo chake ukutani, akarudi kizingitini, akauweka magotini. Hapa lazima msomaji ajue jambo ambalo mji haukulijua. Uzi unaweza kulazimishwa. Ukiubana kigingi kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto wakati gumba la kulia linapiga, uzi utatoa sauti unayoitaka wewe. Kila msokotaji hufundishwa hilo siku moja, mara moja, kama mtu anavyofundishwa mahali sumu ilipowekwa. Hakuna atakayeona. Ila uzi uliolazimishwa haujibu tena na mwenzake. Kilichokuwa kati yao kimekatika kabla sauti haijaisha hewani, na huko kwa pili pacha atatoa lake, peke yake, bila wa kupatana naye.

*Kidole kidogo tu.*

*Nyumba ina vigogo mia na kumi, na nguzo aliyoegemea Makame imelika kwa mgongo wake.*

*Juu. Waseme Siwatu ameokoa nyumba. Watoto waletwe. Nitawafundisha nini? Nitawafundisha kubana.*

*Nami ni nani nikibana? Kama kila kitu ni uzi, basi nami ni uzi, na kama nilisokotwa na mgongo ule miaka kumi na tisa, basi kuna jambo ndani yangu ambalo halijajibiwa mpaka sasa na haliwezi kujibiwa kwa kulazimishwa. Mimi si mali yako, Mkuu. Hata mimi mwenyewe sijimiliki wote. Nusu iko kule.*

*Na yeye? Je, alipiga? Je, alikuwa mwaminifu, au huko kwa pili nyuzi zangu zimefungia kuku?*

*Sijui. Kutojua huku nimekubeba miaka yote na sijawahi kukutua.*

Aliinua mkono wa kushoto juu kabisa, vidole vitano vimetanuka, mji mzima uuone ulivyo mtupu. Wasokotaji wazee wachache waliokuwa katika umati waliuelewa mkono ule, wakavuta pumzi. Kisha kwa gumba la kulia akaupiga uzi wa sabini.

Ulilia chini. Sauti nzito, tulivu, ilitambaa sakafuni, ikapita kwenye nyayo za watu, ikaenda zake.

"Chini," Mbaruku akasema, kwa sababu ilikuwa kazi yake kusema, akaandika.

Uso wa Mkuu ulishuka. Akafanya ishara, na watu wanane wakaanza kupanga kulabu zao kwenye paa. Siwatu hakuondoka kizingitini. Alijisikia mrefu. Ameulizwa na ulimwengu swali moja tu la maana, naye hakubana.

Ndipo Tabu alipoingia katikati ya umati. Alikuwa mtu-pete, mmoja wa wale wasio na ncha, wanaoelea kati ya Tando na kubeba vya watu. Walimjua kwa nyayo zake zisizoacha alama. Alikuwa ameondoka na mvi, amerudi bila mvi, jambo la kawaida kwao, na mkononi alikuwa na daftari lililozungushiwa nta.

"Nimechelewa," alisema. "Au nimewahi. Nimepewa hili kwa Siwatu binti Haji. Nimelibeba miaka tisa."

Mkuu alilinyakua kabla halijamfikia mwenyewe. Akaligeuza, akampa Mbaruku aitazame nta. Mbaruku aliikagua pande zote.

"Haijaguswa, Mkuu. Imekauka mpaka imepasuka. Miaka tisa naamini."

Mkuu akatabasamu. Aliona mahali pa kummaliza. Kama madaftari yatapishana, mji utajua kwamba kikongwe huyu amekuwa akiwadanganya wao na wazazi wao. "Basi yasomwe," akasema. "Wewe soma la huyo bwana. Mimi mwenyewe nitasoma la bibi, asije mtu akasema tumeongeza neno." Siwatu akalitoa daftari lake, akampa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba mwenye sauti nene kuliko wote katika nchi aligeuka kuwa sauti ya Siwatu, na yeye hakuligundua hilo.

"Wa kwanza," Mbaruku akasema. "Chini."

"Chini," Mkuu akasoma.

"Wa pili. Juu."

"Juu."

"Wa tatu. Juu."

"Juu."

Walikwenda hivyo. Kufikia wa kumi watu walikuwa wameacha kunong'ona. Kufikia wa ishirini wenye kulabu walikuwa wameziegesha. Hapakuwa na mpangilio wowote katika majibu yale. Juu, juu, chini, juu, chini, chini, chini, kama mtoto anayerusha kokoto bila kulenga. Ukisoma daftari moja peke yake ungesema ni upuuzi. Lakini upuuzi wa huku na upuuzi wa kule ulikuwa mmoja, herufi kwa herufi, na hapo ndipo ngozi za watu zilipowasisimka. Siwatu alifumba macho. Alikuwa anasikia mgongo. Anavuta, unalegeza. Analegeza, unavuta.

"Wa arobaini na moja," Mbaruku akasema. "Chini."

"Juu!" Mkuu akapaza sauti, akaliinua daftari. "Juu! Mmesikia? Umepishana! Uongo umejitokeza wenyewe!"

Umati ukaguna. Siwatu akafumbua macho.

"Soma na pembeni, Mkuu."

"Pembeni kuna nini?"

"Wewe ndiye msomaji."

Mkuu akalisogeza daftari karibu na uso.

"Nimekosea kidole," akasoma, na sauti ile nene ikatoka nyembamba.

"Wino wake umefifia kama mistari ya jirani zake," Mbaruku alisema bila kuulizwa. "Umeandikwa siku ileile." Na hapo mji ukaelewa: kati ya nyuzi zote, uliopishana ni ule mmoja ambao mwenyewe alikwisha kusema, miaka kumi na miwili nyuma, bila kuulizwa na mtu, kwamba aliuharibu. Mwanamke mmoja nyuma alipiga kigelegele, akajiziba mdomo, kisha akaona haya ya nini, akapiga tena.

Wakaendelea. Hamsini. Sitini. Sitini na tisa. Daftari la Siwatu likaisha, na Mkuu akalifunga kwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Kuna wa sabini," Mbaruku akasema. "Wa bibi tumeusikia sote hivi punde. Nimeuandika mimi: chini." Akageuza ukurasa wa mwisho wa daftari la Makame, akasita. "Hapa mwandiko si wa yule bwana."

"Soma," Siwatu akasema.

"Wa sabini. Chini." Umati ukavuma, lakini karani aliinua mkono. "Pana maneno. 'Makame tumemzika siku tatu zilizopita. Uzi huu tumeupiga sisi aliotufundisha. Tulimuuliza kabla hajafa, tuubane utoe sauti njema, kwa kuwa ni wa mwisho na ni wa mazishi? Akasema, msiubane. Yule mwanamke hataubana.'"

Siwatu alilia. Alilia wazi, kichwa juu, bila kujifuta, na kama kuna kilio cha fahari basi kilikuwa kile. Makame amekufa; Siwatu ameipata habari hiyo na jibu lake kwa pumzi moja. Miaka tisa alikuwa na hofu kwamba uzi huu ndio mwisho wao, kumbe mtu yule, akiwa anakata roho mahali ambapo hakuna sauti ingefika, aliujua mkono wa kushoto wa Siwatu kabla mwenyewe hajauinua.

"Nani alimwamuru nani?" Mkuu akauliza. Hakuwa anauliza mtu fulani. "Kama wao walipiga miaka tisa nyuma, basi wao ndio waliokuamuru wewe leo."

"Wao walipiga wakasikia. Mimi nimepiga nikasikia. Hakuna aliyemwamuru mwenzake," Siwatu akasema. "Uliniuliza kitu kisichobeba amri kina kazi gani. Umekisoma mwenyewe, Mkuu, kwa sauti yako, kuanzia wa kwanza."

Mkuu alimtazama, akautazama mji, akaona kwamba mji haumtazami yeye. "Ezueni," akasema. Aliweza kusema hilo, na kulabu zikapanda, kwa maana amri ni amri na wale watu wanane walikuwa na familia. Makuti yalishuka, fito zikafuata. Vumbi lilipotua, jua lilikuwa limeingia mle ndani kwa mara ya kwanza, limezijaza kuta mpaka kwenye ile nguzo iliyolika, na Siwatu alikuwa ameketi katikati ya sakafu na katani mpya pajani. Tabu amesimama mlangoni. Anarudi Utando wa pili, alisema, na mkono wake mmoja uko mtupu.

"Nyumba nimeiondoa," Mkuu akasema. "Unasokota na nani? Pacha husokotwa na wawili."

Siwatu alikuwa ameirusha katani begani, ncha ya pili inaning'inia nyuma yake, haina mtu.

Mbaruku alifunga kidau chake cha wino. Alikiweka chini, taratibu, miguuni pa Mkuu, na kalamu juu yake. Akavua viatu, akampita Tabu mlangoni, akaingia ndani, akaketi nyuma ya Siwatu, mgongo wake ukagusa mgongo wa bibi. Ulikuwa mgongo wa mtu aliyeinama mezani maisha yake yote, umekakamaa kama ubao.

"Legeza mabega, Karani," Siwatu akasema. "Na usigeuke."